Dereva Mlevi na Sheria: Je, Adhabu Yatosha?

Somo la kujadiliwa katika Jumuiya Ndogondogo, vikundi vya mwethya, vikundi vya akina mama na vijana. Kiongozi asome sehemu moja moja kwa sauti, kisha watu wapewe nafasi ya kusema.



Swali la somo hili silo langu. Nimelisikia mara nyingi katika mikutano yetu, pande za Kitui na pande za Makueni, na mara nyingi husikika baada ya mazishi. Watu wakishanawa mikono na kuketi chini ya mti, mmoja huuliza: "Kwani hawa madereva walevi hawafungwi?" Mwingine hujibu: "Faini ni kidogo, ndiyo maana hawaogopi. Serikali iongeze." Hapo wote hutikisa kichwa kukubali, halafu kila mtu huenda kwake.

Leo nataka tusiende nyumbani haraka hivyo. Tuulize: Je, ni kweli adhabu ni ndogo? Na kama ingeongezwa, dereva angeacha kuendesha akiwa amelewa? Tutafuata njia yetu ya siku zote: tuone, tupime, halafu tutende.

KISA CHA KUANZIA

Nitawapa kisa kimoja. Majina sitaji wala mahali, kwa sababu wahusika wote wangali hai isipokuwa mmoja.

Kulikuwa na dereva wa pikapu aliyebeba watu na mizigo siku za soko. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, asiyekataa kubeba mgonjwa usiku. Shida yake ilikuwa chupa. Siku moja alikamatwa akiwa amelewa, akapelekwa kortini, akakubali kosa. Akapigwa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi mitatu. Leseni hakunyang'anywa, kwa vile aliomba sana akisema gari ndilo jembe lake.

Pesa hakuwa nazo. Basi ndugu zake wakaita harambee ndogo pale pale kwenye veranda ya duka. Mimi nilikuwepo. Nilitoa shilingi 500. Mke wake yuko katika kikundi chetu cha akina mama, na niliogopa watoto wangefukuzwa shule kama baba angefungwa. Nilidhani nimefanya tendo la huruma. Jumapili ile ile tulimwona barabarani akipiga honi.

Haukuisha mwaka. Jioni moja, kama saa moja hivi, alimgonga mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mitungi ya maji. Mzee alifariki njiani akipelekwa hospitali. Siku ya tatu mwenye gari alikuja na wazee wenzake. Alinunua jeneza, akaleta mbuzi wawili na gunia la mahindi, akaahidi kumlipia mjukuu wa marehemu karo. Karo hiyo ililipwa muhula mmoja tu. Kesi ilipofika kortini, kijana aliyemwona dereva akinywa tangu mchana hakwenda kutoa ushahidi. Alisema, "Hiyo si kesi yangu." Iliahirishwa, ikaahirishwa tena, mwishowe ikafa.

Nilipomtembelea mjane, aliniuliza jambo moja, tena kwa upole: "Mwalimu, ile faini ya kwanza, si mlichanga nyinyi wenyewe? Sasa yeye alilipa nini?"

Susu yule nilishindwa kumjibu. Somo hili ndilo jibu langu, ingawa limechelewa.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE SHERIA YASEMAJE

Wengi wetu huzungumzia sheria bila kuijua. Tuitazame.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, yaani Sura ya 403, kifungu cha 44, yasema hivi kwa ufupi: mtu anayeendesha gari, au anayejaribu kuendesha, au aliye na usukani mikononi mwake barabarani, akiwa amelewa pombe au dawa hata hawezi kulimudu gari vizuri, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Zaidi ya hayo, anatakiwa kuzuiwa kuwa na leseni kwa miezi 12, isipokuwa mahakama ikiona kuna sababu maalum ya kutofanya hivyo.

Kifungu cha 46 ni cha anayesababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa namna ya hatari. Huyo aweza kufungwa hadi miaka 10, na leseni yake ifutwe, azuiwe kupata nyingine kwa miaka mitatu.

Pikipiki nayo ni chombo cha moto. Kijana wa bodaboda asidhani sheria hii ni ya wenye mabasi tu.

Mwaka 2012 Bunge lilipandisha adhabu nyingi za barabarani. Wakati huo huo iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ile tunayoiita NTSA. Kabla ya hapo, mwaka 2011, zilikuwa zimetungwa kanuni za kipimo cha pumzi, na mwezi wa Desemba 2013 kipimo chenyewe kikaanza kutumika barabarani. Wananchi walikiita Alkoblo. Kiwango kilichowekwa ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu.

Mwezi wa Mei 2017 Mahakama ya Rufani iliona kasoro. Sheria yenyewe yataka ithibitishwe kwamba dereva hakuweza kulimudu gari. Kanuni nazo zilifanya kiwango peke yake kuwa kosa. Mahakama ikasema kanuni haiwezi kugongana na sheria iliyoizaa. Watu wengi walidhani siku ile kwamba sasa ni ruhusa kuendesha ukiwa umelewa. La, hasha. Kifungu cha 44 kilibaki pale pale, na baadaye kipimo kilirudi barabarani. Mwaka 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni mpya ili wananchi watoe maoni. Ilipendekezwa humo kwamba dereva wa gari la abiria na wa gari la biashara asiwe na pombe hata kidogo mwilini.

Sasa tuseme ukweli. Shilingi 100,000 si kidogo kwa mtu wa Ikutha, Kathonzweni au Tseikuru. Ni ng'ombe kadhaa. Miaka miwili gerezani si mchezo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sheria iliyoandikwa ni laini. Lakini angalia neno hili "isiyozidi". Laki moja ni dari. Hakimu aweza kutoza kiasi cho chote chini yake, kulingana na kosa na hali ya mtu. Kati ya dari hilo na kile ambacho dereva hulipa kweli, kuna nafasi kubwa sana.

SEHEMU YA PILI: TUPIME — HOFU YA SHERIA HUTOKA WAPI?

Wazee wetu walikalia kigoda cha miguu mitatu. Hofu ya sheria nayo ina miguu mitatu.

Mguu wa kwanza ni UHAKIKA: nikikosa, nitakamatwa kweli?
Mguu wa pili ni HARAKA: nikikamatwa, kesi itasikizwa lini?
Mguu wa tatu ni UZITO: nikipatikana na hatia, nitapata adhabu gani?

Sisi hupigia kelele mguu wa tatu peke yake. Tunataka uongezwe urefu. Lakini kigoda chenye mguu mmoja mrefu na miwili mifupi humwangusha anayekikalia.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1764 Mwitaliano mmoja, Cesare Beccaria, aliandika kitabu juu ya makosa na adhabu. Alieleza kwamba adhabu ya wastani ambayo mtu ana hakika itamfikia humzuia kuliko adhabu ya kutisha ambayo ana tumaini la kuikwepa. Mhubiri alikuwa ameliona zamani zaidi. Someni Mhubiri 8:11. Anatuambia kwamba hukumu juu ya uovu ikicheleweshwa, mioyo ya watu hujaa ujasiri wa kutenda maovu.

Tutazame nchi mbili.

Uingereza ilianza kutumia kipimo cha pumzi mwezi wa Oktoba 1967, na kiwango kilikuwa kile kile cha miligramu 80 za damu. Mambo yalitangazwa sana. Madereva waliogopa, na vifo vikapungua, hasa usiku wa mwisho wa wiki. Lakini miaka ilivyopita, hofu ikaisha kidogo kidogo. Mtaalamu wa Marekani aitwaye H. Laurence Ross alichunguza habari hiyo, akaona sababu: madereva waligundua kwamba kupimwa ni bahati nasibu. Sheria haikuwa imelegezwa hata kidogo. Kilichopungua ni uhakika.

Huko Australia, jimbo la New South Wales lilianza jambo jingine mwezi wa Desemba 1982. Polisi waliruhusiwa kusimamisha dereva ye yote na kumpima, hata kama haonyeshi dalili ya ulevi, na wakafanya hivyo kwa wingi, mahali pengi, mwaka baada ya mwaka. Mtu akienda baa alijua kwamba akirudi huenda akakutana nao. Vifo vilishuka sana na havikurudi kama zamani. Watu walianza kupangana kabla ya kutoka nyumbani: leo nani hanywi?

Sasa turudi kwetu. Jiulize: ni lini mara ya mwisho ulipoona dereva akipimwa pumzi katika barabara ya kijijini kwenu? Huenda umeona katika barabara kuu ya Mombasa, pale inapopita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei. Lakini bodaboda anayetoka soko la jioni kupitia njia ya mchanga, je? Huyo ajua kwamba uwezekano wa kukutana na kipimo ni karibu na sufuri. Ukimwambia faini ni laki moja au milioni moja, kwake ni hadithi ya mbali.

Tena kuna jambo ambalo hatulifikirii. Adhabu ikipanda na uhakika usipande, bei ya hongo nayo hupanda. Dereva anayeogopa laki moja yuko tayari kutoa elfu tano pale pale kando ya barabara. Hapo adhabu kubwa imegeuka kuwa kitega uchumi cha mtu mwingine. Tukumbuke kwamba Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji na mpokeaji pia, hadi miaka 10 gerezani au faini ya shilingi milioni tano. Abiria anayemhimiza dereva "toa kitu kidogo twende, tunachelewa" naye ashike dhamiri yake.

SEHEMU YA TATU: NANI HUVUNJA MIGUU YA KIGODA?

Ni rahisi kusema polisi na mahakama. Wana sehemu yao, na tuseme bila woga. Lakini kile kisa cha mwanzo chaonyesha mikono mingine.

Wa kwanza ni sisi wenye huruma. Tulipochanga faini, uzito wa adhabu ulitoka kwenye mabega ya mkosaji ukagawanywa kwa watu arobaini. Kila mmoja alibeba kidogo, na yeye hakubeba kitu. Sisemi familia iachwe ife njaa. Nasema tungeweza kulipa karo ya watoto moja kwa moja shuleni, tukanunulia mama unga, na faini tukamwachia mwenyewe.

Wa pili ni shahidi anayejificha. Kesi haiendeshwi na vilio vya matanga. Huendeshwa na mtu anayesimama na kusema, "Mimi nilimwona." Tena aliyepokea samansi ya mahakama anatakiwa kwenda, si hiari yake.

Wa tatu ni mwenye gari. Yeye humjua dereva wake. Kutoka 21:28-29 ina habari ya fahali anayepiga watu kwa pembe. Kama mwenyewe hakujua tabia yake, hana lawama kubwa. Lakini kama alikwisha kuonywa na hakumfunga, na fahali akaua mtu, hatia ni yake. Mwenye matatu ambaye makanga amemwambia mara tatu kwamba dereva hunywa kazini, huyo ameonywa.

Wa nne ni familia inayomaliza mambo nyumbani. Hapa nawaomba msikilize kwa makini. Desturi yetu ya kukaa chini na kupatana ni nzuri, na familia iliyofiwa yaweza kupokea msaada wa mazishi bila aibu. Lakini kesi ya kifo ni ya Jamhuri, si ya familia. Mbuzi na jeneza haviifuti. Ye yote akileta karatasi ili mtie sahihi au kidole gumba kwamba "hatuna malalamiko", msitie kabla ya kumwona wakili au ofisi ya kiongozi wa mashtaka. Tena haki ya kudai fidia kortini ina muda wake, miaka mitatu. Wengi hungoja ahadi ya karo mpaka muda ukaisha.

Wa tano ni sote tunaocheka. Mtu akisema, "Jana nililewa chakari, hata sijui pikipiki ilinifikishaje nyumbani," watu huangua kicheko. Kicheko hicho ni leseni ya pili.

SEHEMU YA NNE: HESABU YA POMBE MWILINI

Wengine huendesha wakiwa na pombe bila kujua. Basi tufanye hesabu.

Chupa ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 4 hivi, ina kama gramu 16 za pombe yenyewe. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 8 kwa saa, wengine chini ya hapo. Kwa hiyo chupa moja huchukua saa mbili hivi kuisha mwilini. Chupa nne huchukua saa nane.

Mtu aliyekunywa chupa nne na kumaliza saa sita usiku, akiamka saa kumi alfajiri kupakia matatu ya kwanza, bado ana pombe mwilini. Kahawa haiiondoi. Kuoga maji baridi hakuiondoi. Supu ya mbuzi nayo, ingawa tamu, haiiondoi. Dawa ni saa tu.

Na hiyo ni bia yenye maandishi kwenye chupa. Uki wetu wa kienyeji hauna karatasi ya kukuambia nguvu yake. Mtungi huu si sawa na ule. Zaidi ya hayo, twajua sumu inayotiwa katika pombe haramu. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa na wengine kupofuka katika kaunti kadhaa, Kitui ikiwemo. Mtu wa namna hiyo akishika usukani macho yamefifia, hakuna sheria itakayomwonyesha njia.

Zamani uki ulikuwa wa wazee na wa shughuli maalum, na kijana hakuruhusiwa kugusa kikombe. Mzee aliyelewa alirudi nyumbani kwa miguu. Akianguka, aliyeumia ni yeye. Leo aliyelewa hukalia injini na nyuma amebeba mama na mtoto mgongoni. Kikombe ni kile kile, lakini anayeumia si yule yule.

SEHEMU YA TANO: IMANI YETU YASEMAJE?

Kanisa halisemi kunywa ni dhambi. Bwana alihudhuria arusi ya Kana. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Angalieni: haisemi anayeua. Yasema anayehatarisha. Yule aliyefika nyumbani salama akiwa amelewa, na bila kumgonga mtu, naye ana jambo la kupeleka kitubioni. Sijasikia wengi wakilihesabu.

Hapa tuna jibu pia kwa wale wasemao kwamba, kama adhabu haizuii, basi ya nini? Adhabu ina kazi nyingine. Humwambia mjane kwamba uhai wa mzee wake ulikuwa na thamani mbele ya watu wote. Shilingi chache zikitolewa kimya kimya nyuma ya nyumba, hazisemi hivyo hata siku moja.

Na huruma je? Huruma ya kweli hutaka mkosaji apone. Mtu aliyefungwa na pombe haogopi faini. Asubuhi huapa, jioni husahau. Huyo ahitaji msaada. Simu ya bure ya NACADA, namba 1192, inapokea watu wa namna hiyo na jamaa zao. Katika parokia kadhaa wapo wanachama wa Pioneer walioahidi kutokunywa kabisa, na huwa tayari kumsindikiza mwenzao.

SEHEMU YA SITA: TUTENDE NINI?

Mamlaka ya kuongeza faini hatuna. Lakini mguu wa uhakika tunaweza kuurefusha wenyewe, kila mtu mahali pake.

1. Abiria wakatae. Mtu mmoja akishuka, dereva hucheka. Watu sita wakishuka pamoja, dereva hupoteza nauli ya siku. Hiyo ni faini ya papo hapo, wala haina rufani.

2. Wenye bodaboda wawe na kanuni ya steji. Anayefika amekunywa, ufunguo ukabidhiwe mwenyekiti hadi kesho. Anayerudia, akae nje wiki mbili. Wenyewe wakisimamia, hakuna wa kuhongwa.

3. Mwenye gari aandike katika makubaliano ya kazi kwamba dereva akinywa kazini, kazi imeisha. Abandike namba yake ya simu ndani ya gari ili abiria wampigie.

4. Mwenye baa au mama pima anayeona ufunguo wa gari mezani asiongeze kikombe. Leseni za vileo hutolewa na kaunti. Baa inayolewesha madereva karibu na steji au shule, wananchi wapeleke malalamiko kwa maandishi leseni inapoombwa upya.

5. Baraza la chifu liombe ukaguzi wa trafiki siku za soko na jioni za mazishi na harusi, si alfajiri ya Jumatatu peke yake. Maombi yaandikwe, nakala ibaki kwa kikundi.

6. Jumuiya isindikize mashahidi. Mtu akiitwa kortini Kitui, Mwingi, Mutomo, Kyuso, Makindu, Wote, Tawa au Kilungu, wawili waende naye. Nauli ichangwe. Hiyo ndiyo harambee inayotufaa.

7. Tusichange faini ya dereva mlevi. Tusaidie watoto wake, naye abebe mzigo wake.

8. Tujue kuna adhabu nyingine. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 yaruhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya kutumikia wananchi bila malipo, pale kifungo kinachofaa si cha zaidi ya miaka mitatu. Dereva mlevi aliyekosa mara ya kwanza aweza kuagizwa kufanya usafi katika wodi ya waliovunjika mifupa. Kazi hiyo hakuna mtu wa kumfanyia kwa harambee. Afisa wa urekebishaji wa tabia akija kijijini kuulizia habari za mtu, tumwambie ukweli.

9. Ajali ikitokea: okoa majeruhi kwanza. Halafu andika namba ya gari, saa, mahali, na namba ya stika ya bima. Andika majina ya walioona. Omba polisi wampime dereva siku ile ile, maana kesho pombe itakuwa imeondoka. Baadaye familia ichukue fomu ya ripoti ya ajali kituoni na kuihifadhi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kisa cha mwanzo, ni watu wangapi wangeweza kumzuia dereva kabla mzee hajafa? Wataje mmoja mmoja.
2. Je, umewahi kupanda gari au pikipiki ukijua dereva amekunywa? Kwa nini hukushuka?
3. Kati ya uhakika, haraka na uzito, ni mguu upi mfupi zaidi hapa kwetu?
4. Ndugu yako wa damu akipigwa faini kwa kosa hili, utachanga? Jibu kwa kweli, si kwa kupendeza kikundi.
5. Ni jambo gani moja ambalo kikundi chetu kitafanya kabla ya mkutano ujao? Nani atalisimamia?

KUMALIZIA

Kila mwaka tangu 2021, watu zaidi ya 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya. Si wote waliouawa na ulevi. Sisi wa huku hatutasahau Desemba 4, 2021, Mto Enziu ulipolichukua basi la wanakwaya pale Mwingi na zaidi ya watu 30 wakafa. Ile haikuwa habari ya pombe. Lakini ilitufunza jinsi mlango wa nyumba unavyobaki wazi ukingoja mtu asiyerudi. Vifo vya ulevi vina uchungu ule ule, na juu yake kuna uchungu wa kujua kwamba kulikuwa na mtu ambaye angeweza kusema "hapana".

Basi jibu la swali letu ni hili. Katika karatasi, adhabu yatosha. Barabarani haitoshi, kwa sababu dereva ajua kwamba huenda isimfikie, na ikimfikia tutamsaidia kuibeba. Bunge likitaka kuongeza, liongeze. Lakini hata ikawa milioni, haitamrudisha nyuma mtu anayejua kwamba hapimwi, hashtakiwi, hashuhudiwi, na faini atachangiwa.

Yule susu nilimrudia mwezi uliopita. Nilimwambia kwamba shilingi 500 zangu zilikuwa kosa, na nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema nisimwombe yeye, nikawaambie wengine wasichange. Nami nimewaambia.

Mkimaliza mazungumzo, mtuletee yale mliyoamua, pamoja na jina la kikundi, kupitia katekista wenu. Tutayasoma pamoja katika toleo lijalo.

Mungu awabariki, na awalinde njiani.